Mwaka wa Athumani

Mwezi uliopita tulimzika Gwandu kule Maretadu, na mimi nikapewa kipaza sauti nimzungumzie kama mwanajeshi mwenzake. Nilisimama nimeegemea fimbo. Watu wameketi chini ya turubai la bluu, mahindi makavu yanapigapiga kelele shambani kwa upepo, vijana pembeni wanachezea simu. Nikasema marehemu alikuwa askari mwema, hakuwahi kulalamika, Mungu amlaze mahali pema. Nikaketi. Mtendaji wa kata, kijana wa Kigoma aliyeletwa kwetu kikazi, akamnong'oneza mwalimu aliyekaa naye: "Hawa wazee wa vita nyumbani hawanyamazi, lakini ukiwapa maiki wanakuwa mabubu." Nilimsikia. Masikio ndiyo kitu pekee kilichobaki kizima katika mwili wangu. Wala sikumkasirikia, maana alisema kweli. Ningesema nini pale, mbele ya katekista na akina mama waliokuwa wanakoroga makande ya msibani? Kwamba mwaka ule tuliishi na mtu asiyekuwapo, tukampangia lindo na kumtengea chakula, na kwamba mtu huyo ndiye aliyemrudisha Gwandu nyumbani? Wangesema mzee Safari ameanza kuchanganyikiwa. Kwa hiyo naandika.

Sitapoteza wino kueleza nani alinizaa na nani alinilea. Kijiji chetu cha Daudi kipo, na wanaonijua wananijua. Nianze na kilima. Ulikuwa mwaka wa vita, ng'ambo ya mpaka, nchi ya migomba na mabwawa yenye mafunjo marefu kuliko mtu. Platuni yetu iliwekwa juu ya kilima kulinda barabara iliyopita chini yake, tukaambiwa tutakaa siku chache. Luteni akajeruhiwa paja, akashushwa na lori, akabaki Sajini Chande, mtu wa Lindi, mrefu, mwenye sauti ya upole iliyotutisha kuliko makelele ya makoplo wote. Kisha adui akazunguka nyuma yetu, akavunja daraja, na ile barabara tuliyopewa kuilinda ikawa haina tena mtu wa kuipita. Tulikuwa tumezingirwa. Neno hilo Sajini hakulitumia hata mara moja. Yeye alisema, "Tumechelewa kufuatwa."

Mimi na Gwandu ndio tuliokuwa Wambulu pekee pale juu, na nadhani ndio pekee tuliofurahi tulipoamriwa kuchimba. Bibi zetu waliishi katika nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa mlima, paa la udongo limesawazishwa na mteremko na nyasi zimeota juu yake, ili wavamizi wa zamani wapite wakitafuta ng'ombe bila kujua kwamba wanakanyaga dari ya mtu. Basi tulichimba vivyo hivyo. Tukalaza magogo, tukashindilia udongo, tukapanda majani juu. Koplo Mkude, mtu wa Morogoro asiyeishiwa maneno, akaja kuchungulia. "Wambulu bwana! Wenzenu wanachimba handaki, nyie mnajenga. Mke anakuja lini?" Makombora ya kwanza yalipoanza kuanguka, Koplo aliingia mle ndani kwa kichwa, akajikunja katikati yetu, na hakutoka mpaka kulipopambazuka. Gwandu akamtazama akasema, "Safari, mke amefika." Tulicheka mpaka udongo ukatudondokea machoni. Nataka msomaji ajue kwamba Gwandu alikuwa mtu wa namna hiyo, mwenye mdomo mwepesi, kwa sababu baada ya hapo hatamsikia sana.

Lori la mwisho kabla daraja halijavunjwa lilileta unga, dagaa, biskuti ngumu, na habari. Dereva, kijana wa Katesh, aliuliza akiwa bado ameshika usukani: "Gwandu yupo hapa? Gwandu wa Maretadu?" Gwandu akajitokeza anacheka, akidhani ametumiwa tumbaku. "Pole sana, kaka," dereva akasema. "Nimepewa ujumbe kule depo, umeletwa na mtu aliyetoka nyumbani. Mtoto wako amefariki. Yule anayenyonya." Gwandu alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, Paulina, ambaye alimwacha hajaweza hata kukaa. Hakulia. Aliliweka chini kopo alilokuwa amelishika, akarudi nyuma, mbali na sisi, akaniambia kwa Kiiraqw, lugha yetu Wambulu, mimi peke yangu, "Usinisogelee." Nikajua ameanza.

Watu wa mbali hawatalielewa jambo hili, na vijana wetu wa sasa nao wanalisahau. Kwetu, mtu aliyefiwa na mtoto wa kunyonya alikaa metimani, yaani alijitenga. Hakuota moto wa watu, hakula chungu kimoja nao, hakuchota maji pamoja nao wala kupita njia wanayopita. Hakusalimia wala kusalimiwa, mpaka wazee wamtakase. Haikuwa adhabu. Kifo kimeingia kwake, naye anakizuia kisivuke kwa wengine, kama mtu anayefunga zizi lenye ugonjwa. Sote wawili tulikuwa Wakristo tuliobatizwa, na padre wetu alishakemea mila hizo mpaka akachoka. Lakini kilimani padre hakuwapo, na kifo kilikuwapo. Gwandu akaniachia nyumba yetu mimi na Koplo, akajichimbia shimo lake upande unaotazama bonde, mahali ambapo hakuna mwingine aliyetaka kukaa. Nilikuwa namwekea unga juu ya jiwe, naondoka, ndipo anakuja kuuchukua. Akipika alipika peke yake, kwenye kimoto cha ukubwa wa kiganja. Maji yake yalikuwa ya mvua, aliyoyakinga kwa kofia ya chuma. Wenzetu niliwaambia tu, "Ana msiba. Mwacheni. Msimwite." Wakaniitikia, kwa sababu askari wanaheshimu msiba. Tangu siku hiyo jina la Gwandu halikutajwa tena juu ya kilima.

Watu wakiniuliza juu ya vita wanataka kusikia risasi. Mimi nakumbuka chumvi. Iliisha kabla ya unga, na ugali usio na chumvi wala mboga, siku baada ya siku, unafika mahali mdomo unaukataa wakati tumbo linaulilia. Tukaanza na ugali, tukashuka kwenye uji, kisha biskuti zilizolowekwa. Miguu ilioza ndani ya viatu. Chawa walikaa kwenye mishono ya mashati, na jioni tulikuwa tunapitisha kijinga cha moto kwenye mshono ili tuwasikie wakipasuka. Koplo alivuta majani makavu ya mgomba, akakohoa, akaapa kwamba ni tumbaku ya Iringa. Sajini Chande hakukosa swala hata moja. Kwa kuwa maji ya kutawadhia hayakuwapo, alipiga viganja kwenye udongo, akapaka uso na mikono, akasali. Kisha alikuwa akituambia, "Udongo wa hapa umeshaniswalisha kuliko maji ya kwetu." Siku hizi nikienda mnadani Katesh, nikaona watu wanaacha mchuzi kwenye bakuli wakanyanyuka, huwa nasimama nikaangalia lile bakuli mpaka mwenye banda ananiuliza kama nimepotelewa na kitu.

Kisha ikaja ile sauti. Ilikuja jua lilipokuwa linazama, ukungu ukiwa unapanda kutoka bwawani na vyura wamenyamaza ghafla, wote, kama wameambiwa. Ikatoka ndani ya mafunjo, sauti ya mwanamume, tulivu, Kiswahili cha kambi za upande ule. "Matiku," ikaita. "Wewe Matiku. Kuja kula." Haikuwa sauti ya vita. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama mlangoni kwake anaita mtoto kabla chakula hakijapoa. Matiku, kijana wa Musoma, alikuwa anasafisha bunduki karibu nami. Akainua kichwa, akasimama, akaitika, "Naam!" kama alivyofundishwa kwao kuitika mkubwa. Risasi moja tu. Akakaa chini taratibu, uso una mshangao, na mkono wake bado umeshika kitambaa cha mafuta. Kule chini vyura wakaanza tena.

Jioni ya pili ikamwita Koplo Mkude. Ikamwita Sajini kwa cheo chake na kwa jina lake. Ikaniita mimi: "Safari. Safari, unaenda wapi? Rudi nyumbani." Nililala kifudifudi nikauma shati. Siwezi kueleza jinsi mwili unavyotaka kuitika. Umefundishwa tangu utotoni kwamba ukiitwa unaitika, na kutoitika ni utovu wa adabu. Sajini akapiga marufuku majina. Tukaitana kwa kugusana bega, kwa kokoto, kwa kupiga ulimi. Hata wagonjwa walipoweweseka tuliwaziba midomo. Watu ambao hawaitwi majina wanaanza kufanana, nawaambieni. Nyuso zote zilikuwa na udongo ule ule na ndevu zile zile, na kuna asubuhi nilimtikisa Koplo ili ashike zamu, akanitazama muda mrefu, kisha akaninong'oneza, "Wewe ndiye nani vile?" Hakuwa anatania.

Lakini sauti ilikuwa imeshaokota majina yetu yote, na kila jioni iliyapitia. Koplo ndiye aliyegundua. Alikuja kwa Sajini mchana macho yamemwingia ndani, nami nilikuwepo, akasema kwa kunong'ona: "Afande, inatuita wote. Hai na maiti. Mmoja tu haijamwita."

"Nani?" Sajini akauliza.

Koplo akaelekeza kidevu upande wa bonde. "Anakaa peke yake. Anawasha moto wake, na moshi unaonekana kule chini. Hapiti njia yetu. Hali nasi. Analiangalia bonde toka asubuhi hadi jioni. Sasa niambie, majina yetu wameyatoa wapi? Kesho alfajiri tummalize, la sivyo atatumaliza yeye."

Wengine wawili waliokuwa karibu wakatikisa vichwa kukubali. Niliona ndimi zao zikilamba midomo mikavu, na nikajua kwamba wameshalizungumza hilo bila mimi, kwa sababu mimi ni Mbulu mwenzake. Sajini akanigeukia. Nikatambaa mpaka karibu na shimo la Gwandu, nikasimama mbali kidogo kama desturi inavyotaka, nikamweleza kwa lugha yetu kwamba wanataka kumuua. Alikuwa anakwangua ukoko wa uji kwenye kofia yake. Hakuinua uso. "Waambie wafanye wanavyoona," akasema. "Moto wao siwezi kuukaribia. Nikiwapelekea hiki nilicho nacho, nani atarudi kwao?" Nilitaka kumpiga kibao. Alikuwa anawalinda watu wanaonoa kisu kwa ajili yake, na hakuona ajabu yoyote.

Nilirudi kwa Sajini nikamwambia kila kitu, metimani na yote, huku Koplo akiguna. Nikamalizia: "Afande, sauti ile inaokota tunachotupa. Tuliitana hovyo, ikaokota. Huyu tangu lori liondoke hakuna aliyelitaja jina lake. Utaokotaje kitu ambacho hakijaanguka?" Sajini akasugua udongo uliokaukia kwenye vidole. Kisha akasimama wima, kitu ambacho hakuna aliyekifanya mchana kwa wiki nyingi, akaweka viganja mdomoni, akapaza sauti yake ya upole mpaka mwisho wake: "Athumani! We Athumani! Lete sepetu huku! Athumani, husikii?" Mwangwi ukaenda bwawani ukarudi. Sajini akachuchumaa. Hapakuwa na Athumani kwenye platuni yetu. Hapakuwa na Athumani hata kwenye kombania nzima, na kila mtu pale juu alilijua hilo, Gwandu pia. "Kama mtu wetu ndiye anayewapa majina," Sajini akasema, "atawaambia kwamba Athumani hayupo. Tungoje jioni." Akamnyang'anya Koplo bunduki, akaikalia.

Sijawahi kungoja jua lizame namna ile. Ukungu ukapanda, vyura wakanyamaza, na sauti ikaanza kutupitia mmoja mmoja, Mkude, Safari, Matiku aliyekuwa kaburini. Ikanyamaza. Nikahesabu imekwisha, na Gwandu amekwisha nayo. Kisha ikaja, taratibu, yenye udadisi: "Athumani. Athumani, sepetu umeleta?"

Koplo Mkude alifunika uso kwa mikono. Kesho yake niliona amekata nusu ya sigara yake ya majani ya mgomba, akaiweka juu ya jiwe la Gwandu, akarudi nyuma kwa adabu zote kama aliyezaliwa kwetu. Tulipumua. Lakini ndipo mambo yalipoanza kuwa ya ajabu, kwa sababu Athumani hakuondoka. Sajini aliona faida ya kuwa na mtu wa ziada, akawa anamwagiza kwa sauti: Athumani, hamisha bunduki kubwa. Athumani, waamshe wale wengine. Adui aamini kwamba tuko wengi. Tukampangia lindo. Jina lake likatajwa mara nyingi kuliko jina lolote, kwa vile lilikuwa jina pekee lililoruhusiwa, na mtu akitaka kusikia tu sauti yake mwenyewe aliita Athumani. Kisha mpishi, tukigawana uji, akaanza kumwachia kijiko kimoja chini ya chungu. Nilimuuliza kwa ishara, cha nani? Akainua mabega. Hakuna aliyekigusa kijiko kile, nasi tulikuwa tunakufa njaa. Asubuhi kilikuwa kimekauka pale pale, na mpishi anakikwangua kwa heshima na kukitupa. Wakati mwingine, nikiwa lindoni alfajiri, nilisikia mtu akikohoa upande wa shimo tulimowekea sepetu, ambako hatukuwa na mtu. Wenzangu nao walisikia. Tulitazamana tukaendelea kutazama mbele. Mwalimu wa shule atasema ni njaa, nami sitabishana naye, njaa niliijua. Lakini njaa haina kikohozi.

Mvua zilipokatika, maji yakaisha. Chemchemi ilikuwa chini ya kilima, kwenye ukingo wa bwawa, na njia ya kwendea ilikuwa na miili ya wenzetu wawili waliojaribu. Midomo ilipasuka. Tulilamba umande kwenye vyuma vya bunduki, na mtu mmoja alikunywa mafuta ya bunduki yake akafa kwa maumivu. Jioni moja, sauti ikiwa imeshaanza kazi yake, nilimwona Gwandu ameinuka kwenye shimo lake, amebeba debe. Hakuaga. Akaanza kushuka. Njia hakuifuata, aliteremkia kwenye majani, pembeni, kama anavyotembea mtu wa metimani, mgongo umenyooka na hatua si za haraka. Niliuma mkono. Sauti ikasita.

"Athumani," ikasema. Sasa ilikuwa karibu sana, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na wasiwasi. "Athumani, nakuona. Kila siku nakuona umekaa peke yako. Mimi naita, wewe huitiki. Kwa nini huitiki?"

Gwandu hakugeuza kichwa. Kwa nini angegeuza? Halikuwa jina lake. Akapita chini ya mtutu wa yule mtu, akapiga goti chemchemini, akajaza debe. Bwawa lote lilikuwa kimya. "Athumani," sauti ikasema tena, na safari hii ilikuwa ndogo, karibu na ya kuomba. "Chukua maji yako. Enda." Akarudi juu kwenye majani yale yale na debe limejaa. Hakuja kwetu. Alisimama mbali akanionyesha niweke debe letu katikati, na mimi nikarudi nyuma, naye akamimina kutoka juu, mkono umenyooka, vyombo visigusane. Yakamwagika mengine. Nikatazama yale maji na koo limeungua. Nilikuwa Mbulu, nilijua yamechotwa na nani. Wenzangu walikuwa wameshaingiza nyuso debeni. Sajini akanitazama, akasema polepole, "Kunywa, mwanangu. Mungu anaona." Nikanywa, na nilikuwa naogopa kuliko siku zote za makombora. Yalikuwa na ladha ya matope na chuma. Baada ya hapo alishuka kila jioni, na kila jioni sauti ilimruhusu.

Jeshi letu lilifika kutoka mashariki asubuhi moja, baada ya mizinga kupita juu ya vichwa vyetu muda mrefu. Sauti ilikuwa imeondoka na mafunjo yamelala chini. Tulishuka tukitembea kama wazee, na chemchemini, kwenye majani ya upande aliokuwa akiteremkia Gwandu, tukakuta majani ya mgomba yamepangwa, na juu ya kila jani pana muhogo wa kuchoma au ndizi. Mingine imeoza na kuliwa na sisimizi. Mmoja ulikuwa bado na majivu mapya. Yule mtu alikuwa anamwekea. Nikamuuliza Gwandu, kwa mbali, kama aliviona. "Nilikuwa naviruka," akasema. "Ni chakula cha watu. Ningekigusa vipi na mimi nilivyo?" Mpaka leo sijui kama mle mlikuwa na sumu au huruma. Sajini Chande alivisomea maneno fulani kwa Kiarabu, kisha akatuamuru tusiviguse.

Tulipopewa likizo nilipaswa kwenda Daudi, lakini niliamua kwanza nimfikishe kwa wazee wake watakaomtakasa. Kwenye lori alikaa nyuma kabisa, peke yake. Tulipita Katesh mlima Hanang umejifunika wingu mpaka kiunoni, na alipouona ndipo machozi yakamtoka, mara ya kwanza mwaka mzima. Lori jingine likatuacha njia panda tukatembea, mimi njiani, yeye ndani ya mashamba ya watu, sambamba na mimi, anaachanisha mahindi kwa mikono. Watu waliokutana nasi walinisalimia, wakamwona, wakaelewa, wakanyamaza. Tukafika. Moshi ulikuwa unatoka nyumbani kwake. Mke wake akatoka na ungo mkononi, akakinga jua, akautupa ungo ule na mtama wote ukamwagika.

"Baba Paulina!" akaita. "Baba Paulina!"

Gwandu akasimama kati ya mahindi. Kisha akageuza mgongo akaketi chini, kama alivyokuwa anaketi kilimani. Mama yule akaita tena, sauti inakatika, na nyuma yake mlangoni akatokea mtoto wa kike anayeyumba, mguu mmoja mbele, aliyejifunza kutembea juzi, akaiga sauti ya mama yake: "Baba Paulina!" Nilirudi nyuma hatua moja. Kisha akili ikanirudia, nikaelewa. Kwetu kina Gwandu ni wengi kama maharage. Maretadu ile ile alikuwepo Gwandu mwingine, wa batalioni nyingine, naye ndiye aliyefiwa. Ujumbe ulipita midomo mingi mpaka depo, na dereva aliita jina, na mwenye jina akaitika. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Gwandu kuitika. Nilimpigia kelele aangalie, ni yeye, yuko hai. Akaziba masikio. Hakugeuka, maana alikuwa amejua kwa mwaka mzima kwamba kinachokuita kwa mbali kwa sauti ya nyumbani si cha nyumbani.

Nikamwambia mke wake, "Shemeji, nyamaza. Usimwite. Mlete tu." Akamshika mtoto mkono, wakaja kimya kimya kati ya mahindi, akamwachia hatua chache nyuma ya mgongo ule. Mtoto akazunguka mbele. Wakatazamana. Gwandu akajivuta nyuma kwa viganja, udongoni, akainua mkono kumzuia.

"Usinishike, mama," akamwambia, sauti haitoki vizuri. "Niko kwenye msiba wako."

Mtoto hakuelewa kitu. Akakamata kidole cha ule mkono uliokuwa unamzuia, akauvuta, akaanguka, akainuka bila kukiachia, akaendelea kuvuta kuelekea nyumbani. Gwandu akanyanyuka. Akamfuata, ameinama ili mtoto amfikie, wakatoka kwenye mahindi, wakaingia njiani.